Chai ya Tata na Picha Mbili za Kongosho

Alhamisi, Ngoingwa, Thika. Wingu halijapasuka tangu asubuhi, na vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi.

Utabiri, katika kazi yangu, ni kitu chembamba kuliko watu wanavyodhani. Si kujua yatakayotokea. Ni kupima mwonekano wa uvimbe katika picha zilizopigwa kabla ya matibabu, yaani umbo lake, kingo zake, namna weusi na weupe unavyopishana ndani yake, kisha kukadiria iwapo uvimbe unaofanana na huo huwa unasinyaa ukipigwa mionzi. Utabiri huzungumzia mfanano. Haumjui mtu.

Safari hii mtu huyo ni Tata, dada ya baba yangu, aliyenilea.

Ana saratani ya kongosho. Daktari wake, katika kituo cha Ruiru ninakofanya kazi, alisema wazi kwamba wiki kadhaa za mionzi zitamchosha sana, na si haki kumtesa bure. Kesho kuna kikao: aanze mionzi, au arudi nyumbani atulizwe maumivu. Programu yetu ya kompyuta, inayotoa utabiri huo, ingali katika majaribio na haiamui peke yake, lakini daktari ameomba jibu lake. Nilimweleza kwamba mgonjwa ni shangazi yangu. Akanijibu kwamba hapa hakuna mwingine anayeweza kuiendesha.

Picha za kwanza zilipigwa Jumatatu. Jibu la programu lilikuwa baya, chini ya mstari unaoonyesha kwamba mionzi inafaa.

Nilizirudia picha hizo kipande kwa kipande, hadi nikaona kwamba tumbo lilikuwa limejaa. Jana jioni nikaenda kwa dada yangu, hapo hapo Ruiru, anakokaa Tata siku za kliniki.

"Tata, Jumatatu ulikula kabla ya picha?"

"Niliambiwa nisile, sikula. Mimi si mtoto."

"Hata chai?"

"Chai nilikunywa. Ulitaka nimkatalie dada yako chai nyumbani kwake?"

"Chai ya maziwa ni chakula, Tata."

"Haiya! Tangu lini? Wewe nikikupa chai hiyo peke yake, si utazunguka Thika nzima ukisema nimekulaza njaa?"

Dada yangu alicheka hadi akaiweka birika chini. Nami nilicheka.

Picha zote zilizoifunza programu yetu ni za watu waliofunga. Tumbo lililojaa husukuma kongosho na kuvuruga kingo zile zile tunazozipima. Kwa idhini ya daktari, leo asubuhi Tata amepigwa picha tena, hajanywa hata maji.

Jibu limevuka mstari. Sasa programu inasema mionzi ina uwezekano mzuri wa kumsaidia.

Ningepaswa kufurahi. Kitaalamu, picha ya pili ndiyo sahihi, na ninaweza kuitetea mbele ya yeyote. Ila uvimbe ni ule ule. Kilichobadilika ni kikombe cha chai, na chombo kinachogeuza kauli yake kwa kikombe kimoja hakinipi usingizi.

Kuna jambo zito zaidi. Sikulichunguza lile tumbo kwa sababu ya umakini. Nililichunguza kwa sababu jibu liliniuma. Kama Jumatatu programu ingesema mionzi itamfaa, je, ningemuuliza habari za chai?

Nisingemuuliza.

Tata amenipigia simu mchana. "Mashine yako inasemaje? Usinizungushe. Nataka kujua kama nitachuma kahawa yangu mwenyewe au nitafute watu." Nimemwambia asubiri daktari. Amesema, "Sawa, mwalimu," kwa ile sauti anayoitumia akijua namficha kitu.

Kesho nitaweka majibu yote mawili mezani, nieleze chai, nieleze pia kwamba niliitafuta kasoro nikiwa na matumaini ya kuipata. Wenzangu wapime nikiwa nje ya chumba. Wakimpa mionzi, nataka wampe kwa sababu ya picha yake, si kwa sababu yangu.

Hilo la Tata nimeliamua. Lisilotulia ni hili: majibu mabaya ya wale ambao si shangazi zangu, nani aliyewahi kuyatafutia kikombe cha chai?