Dany Alikaa Upande Uliogongwa

Kashikishi, Nchelenge
14 Juni 2024

Mpendwa kaka yangu, yaya Félix,

Hujambo huko Lubumbashi? Pierrette na watoto wanaendeleaje? Kikohozi cha Méschac kimepona? Sisi tu wazima, na leo tuna sababu ya kupiga kelele: Dany amesimama! Mume wangu amesimama kwa miguu yake, yaya! Nimelia hadi wagonjwa wengine wakaniuliza nani amekufa.

Najua uliachwa na wasiwasi simu ilipokatika siku ile ya ajali. Sasa nakueleza yote.

Tulikuwa tunatoka Kabuta kununua samaki, mama, Dany na mimi, katika teksi. Kiti cha mbele kilijaa samaki, basi sote tukaenda nyuma. Dany alikuwa amekwisha kukaa kushoto, kwenye kivuli. Unamjua na mambo yake ya buko, heshima ya ukweni: tangu anioe hajagusa hata kitambaa cha mama mkwe wake. Alipomwona mama anaujia mlango ule, akaruka nje kama aliyekalia siafu, akazunguka gari, akaingia kulia, nyuma ya dereva. Mama akachukua kushoto. Mimi nikawekwa katikati, niwe ukuta.

Tulipokaribia kufika, lori dogo, kanta, likatoka njia ya pembeni bila kusimama, likatupiga kulia, pale pale kwenye mlango wa Dany.

Hospitalini muuguzi Chikondi hakuuliza hata majina. Alisema tu, "Bamayo, mama, motoka imegongwa wapi: mbele, nyuma ao kwa mbavu?" Nilikasirika! Mtu anaumia, wewe unauliza habari za gari? Kumbe alijua anachotafuta. Baadaye akanieleza: mkigongwa mbele, injini inapokea kwanza na mkanda unakuzuia; mkigongwa nyuma, shingo ndiyo huteseka. Lakini ubavuni kuna mlango tu kati yako na kanta. Aliye upande huo huumia nyonga, mbavu, pengine hata ndani ya tumbo. Ndiyo maana walimpima Dany tumbo upesi. Tumbo lilikuwa salama, ila nyonga ilikuwa na ufa na mbavu zimevunjika. Mimi nilirushwa juu yake, mama juu yangu, tukatoka na michubuko. Dereva alikatwa na vioo tu.

Gari moja, yaya, ajali moja, lakini kila kiti na maumivu yake! Nimekuwa mhubiri wa jambo hili sokoni, watu wameanza kunikwepa. Nawe unayeendesha, watoto wafunge mkanda hata wakikaa nyuma.

Mama hakuwa na hamu ya kuhubiri. Wiki zote hizi alikaa nje ya wodi, anapika, anatuma chakula kwa mkono wangu, akisema kiti kile cha kulia kingekuwa chake kama Dany asingempisha. Aliogopa kwamba Dany hatatembea tena, na kwamba yeye mama ndiye sababu.

Leo walipomwinua, nilimshika upande mmoja, akayumba upande wa pili. Mama alikuwa anachungulia mlangoni. Akaingia, yaya! Akaingia!

"Shika miye kwa bega, mutoto wangu. Buko tutaitengeneza kiisha, ukipona."

Dany akamshika. Wakatembea hadi dirishani, kila mmoja amegeuza uso upande wake kwa heshima, na wote wawili wanalia.

Barua hii anakuletea Boyd, mpe chai. Wasalimie Pierrette, Chouchou na Méschac wangu. Mungu awalinde mbele, nyuma na ubavuni.

Mdogo wako akupendaye,
Cadette