Mkono Wangu, Mkeka Wao

Jumatatu, 6 Mei

Nimerudi kutoka kwenye mashine ya kusafisha damu, hasira mpaka masikio yanawaka. Mpira wa shingoni, unaopitisha damu kwenda kwenye mashine, umeingia wadudu tena! Homa, kutetemeka, dawa za mshipani. Nesi Merita hakuzunguka: mpira ni njia ya dharura tu, unakwenda moja kwa moja karibu na moyo, na wadudu wakikolea huko ndiyo basi. Wiki ijayo yupo Apia, mji mkuu, ng'ambo kwa feri, daktari wa upasuaji kutoka New Zealand. Anafungua mkono, anaunganisha mishipa miwili, na baada ya wiki kadhaa mshipa unanenepa, unavumilia sindano za mashine. Akiondoka, harudi mpaka Oktoba.

Lipo pia bomba la plastiki la kufukiwa chini ya ngozi. Merita anasema hilo ni la wale ambao mishipa yao imechoka. Yangu bado mizuri — ya kushoto hasa. Kanichorea msalaba wa wino: mkono huu usichomwe, usifungwe kipimo cha presha, usibebe ndoo.

Sawa. Nimekubali. Mkono ni wangu.

Alhamisi, 9 Mei

Kumbe si wangu! Kaka Uelese kaja. Anasimikwa uchifu Juni, na mkeka wa sherehe nausuka mimi, dada mtu. Mkono wa kulia unasuka, wa kushoto unakandamiza chane. Ukiuguza mmoja, mkeka umelala. Nimemwonyesha msalaba wa wino: mkono huu usiguswe.

"Dada, ngoja Oktoba. Mpira si unafanya kazi?"

"Unafanya. Kazi ya kuniua."

"Usiseme hivyo. Watu watauliza mkeka uko wapi."

"Waambie umekwama shingoni mwangu."

Falaniko, mume wangu, kacheka mpaka chai ikampalia. Uelese hakucheka. Kaondoka bila kuaga. Na kwetu eti dada ni mboni ya jicho la kaka! Mboni gani hii ya kupelekwa kaburini na mkeka kwapani? Nakwenda Apia. Wakasirike.

Jumatano, 15 Mei

Nimepasuliwa! Mshono, bandeji, maumivu ya kawaida. Lakini weka kidole hapa — unavuma! Kama paka aliyeshiba. Daktari kasema mvumo huo ndio uhai wa njia yenyewe. Ukinyamaza, damu imeganda. Nimwahi haraka sana, kabla hajaondoka Jumanne, baada ya hapo mshipa umekwenda.

Falaniko kaweka sikio. "Mama, umemeza jenereta?" Jinga hili. Kisha kaweka tena, na tena. Nimelia, nami si mtu wa kulia.

Jumapili, 19 Mei



Baada ya kanisa na chakula nimejilaza. Maumivu yameniamsha. Shangazi Fiapaipai, mkandaji wetu, kakaa ubavuni pangu, mafuta ya nazi mpaka viwikoni, anakanda mkono. Wa kushoto! Kwa nguvu zake zote, juu ya mshono!

"Tulia, mwanangu. Damu chafu ilikuwa inahangaika humu, inatetemeka kabisa. Nimeituliza."

Ameituliza!

Nimeuliza nani kamwita. "Kaka yako. Kasema nikulegeze upesi, uweze kusuka."

Nimeweka kidole. Kimya. Falaniko kaweka sikio, safari hii bila mzaha. Kimya. Merita kwenye simu: msiuguse, njooni na feri ya kwanza kesho, daktari ajaribu kutoa damu iliyoganda. Leo feri hakuna.

Shangazi analia nje. Amekanda kijiji kizima maisha yake yote, na huu mvumo hakuna aliyemweleza. Yeye namwonea huruma kidogo. Uelese simwonei. Alijua! Nilimweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu, mkono huu usiguswe.

Jumatatu, 20 Mei

Naandika ndani ya gari. Halijawashwa.

Kulipopambazuka tumemkuta Uelese kakaa chini katikati ya njia, mbele ya nyumba, kajifunika mkeka gubigubi. Ndivyo mkosaji anavyoomba msamaha kwetu: anakaa hapo mpaka waliokosewa wamfunue. Halafu hotuba, kinywaji cha heshima cha kava, machozi, hotuba za kujibu. Mpaka mchana! Feri haingoji hotuba.

Na mkeka wenyewe — ni wangu! Kautoa kwenye nyumba ya wasukaji. Chane zinaning'inia pale pale nilipoishia.

Baba mkwe anafunga vifungo vya shati, anatafuta fimbo yake ya hotuba. "Mkwe wangu, mtu aliyejifunika hapitwi. Kijiji kizima kinatazama." Kinatazama, ndiyo! Mkono wangu nani anautazama?

"Dada, nisamehe," kasema chini ya mkeka. Sauti yake ya utotoni. Hasira haijashuka hata punje.

Falaniko kashika usukani, ananingoja mimi.

Nitamfunua mwenyewe, kwa mkono wa kulia, bila neno. Si msamaha. Ni kumtoa njiani. Na atapanda gari, akae ubavuni pangu kwenye feri, sikio lake juu ya mkono huu mpaka Apia, asikie alichokituliza.

Baba mkwe amekohoa. Anaanza salamu za machifu wote, mmoja mmoja.

Nafungua mlango—