Kiganja Chako Juu ya Picha ya Mbuzi

Mpendwa dada Sekela,

Vumbi la Chunya halijambo? Huku Iringa baridi imetubana hadi chaki inaponyoka vidoleni. Namba yako ya simu ninayo miaka yote hii. Naandika ujumbe, naufuta. Leo nakuandikia hadharani, kwa kuwa uliniambia ukweli mbele za watu nikanuna, basi na mimi niukubali mbele za watu.

Unakumbuka nilivyofika Ubaruku? Ajira mpya, cheti kipya, viatu vya kisigino kwenye matope ya majaruba ya mpunga. Nikapewa Darasa la Kwanza, watoto themanini na kitu, na chuoni hakuna aliyenionyesha mtoto anaanzaje kusoma. Wewe ulikuwa na Darasa la Pili. Ulinipokea nyumba ya walimu, ukanipikia mbalaga, ndizi za kwenu, ukanicheka kwamba sisi Wahehe tunazijua ndizi za kununua tu. Jumamosi tulikwenda mashineni kuomba viroba vya mchele vilivyochanika, tukavifua, tukavishona kimoja kikubwa, ukakiandika herufi kwa rangi iliyobaki ya milango. "Karatasi panya watakula," ulisema. "Kiroba watatafuna mpaka wastaafu."

Kiroba nikakuachia wewe. Mimi nikaona njia ya mkato. Niliwasomesha kitabu kwa wimbo: nasema, wanaitikia, kila siku, mpaka ukurasa wa mbuzi wakawa wanaumwaga kama maji. Wageni kutoka wilayani walipokuja, darasa langu lilisoma hadi bati likatetemeka. Wakapiga makofi. Mkubwa wao akasema atawaleta walimu wa shule nyingine waje kujifunza kwangu. Nilivimba kichwa, dada, nisikudanganye.

Ulikuwa umesimama mlangoni. Uliingia taratibu, ukamwinamia Neema, yule wa dawati la mbele, ukafunika picha ya mbuzi kwa kiganja chako na kuweka kidole kwenye neno moja katikati ya mstari. "Soma hapa, mama." Neema akakutazama usoni, kisha akaanza ukurasa tangu mwanzo, kwa wimbo, macho yake yakiwa dirishani. Ukamjaribu wa pili, na wa tatu. Yale yale. Wageni wakafunga madaftari yao.

Jioni nilikuambia umeniharibia kazi kwa wivu. Hukupandisha sauti. "Sio wivu, mdogo wangu. Wangekuja walimu wa wilaya nzima kujifunza kuimba."

Sikutaka kusikia. Nilihamisha jiko langu upande wa pili wa ua, tukabaki kusalimiana kwa kikohozi. Uhamisho wako wa Chunya ulipofika, ulipakia vitu kwenye lori, ukaja kunibishia hodi. Nilikuwemo ndani, dada. Nilikaa kitandani na madaftari mapajani, najifanya nasahihisha. Ulibisha mara tatu, ukasubiri, kisha nikasikia lori likiondoka. Nilipofungua, kiroba cha herufi kilikuwa kizingitini, kimekunjwa vizuri.

Nilikitundika kesho yake, tena kwa hasira, maana sikuwa na kingine. Tukaanza upya, sauti moja moja. Muhula uliofuata Neema alisoma neno lake la kwanza bila wimbo, picha ikiwa imefunikwa. Nilitoka mbio mpaka mlangoni kwako kukuambia, nimesahau kwamba umeshahama. Nikakuta kufuli.

Siku hizi mimi ndiye mwezeshaji. Nazunguka Mbeya na Iringa kuwafundisha walimu namna ya kumtoa mtoto kwenye sauti, kumpeleka kwenye silabi, mpaka neno. Kila semina naanza kwa kufunika picha kwa kiganja. Nawasimulia pia kisa cha mwalimu aliyekaririsha, nikimwita "mwalimu mmoja ninayemfahamu". Wiki iliyopita kijana mmoja anayefundisha karibu na Tosamaganga akauliza, "Na yule aliyefunika picha, alishukuriwa?"

Niliiweka chaki mezani. Kisha nikawaambia kwamba aliyekaririsha ni mimi, na kwamba hapana, hakushukuriwa. Nikalia mbele yao, mtu mzima na kitambulisho changu shingoni. Ulipenda kusema mficha uchi hazai. Wangu nimeuficha muda mrefu mno.

Nimekukumbuka, dada Sekela. Na wala si kwa ajili ya semina. Nakukumbuka nikimenya ndizi na kuzikosea, hakuna wa kunicheka. Nimepata marafiki wengi wa kunipigia makofi, na bado sijapata mwingine wa kuniambia ukweli kwa sauti ya chini.

Shule zikifungwa napanda basi kuja Chunya. Kiroba nitakuja nacho. Herufi *m* imefutika, nataka uiandike wewe. Nitabisha hodi mara tatu, nisubiri. Ukinisikia, dada, usifanye kama nilivyofanya mimi.

Ndaga fijo, asante iliyochelewa sana.

Mdogo wako Mhehe,
wa mlango wa pili