Misumari Mipya Kwa Kona ya Reli

Shemeji Oluoch, ndugu ya Atieno wangu,

Najua hii barua itakufikia huko kisiwani Remba ikiwa imeshasomwa na watu wengi kabla yako. Ndivyo nataka. Nimeibandika kwa mlango ya karakana hapa Migori, na Atieno ameipiga picha akaituma kwa gurupu ya familia. Nilikuharibia jina mbele ya watu, siwezi kukuomba msamaha kwa kunong'ona.

Unakumbuka vile tulianza? Ulikuja kutoka Rangwe kutusalimia, ukanipata nimekaa na mkebe tupu ya dawa ya mbu, nautoboatoboa. Ukaniuliza, "Shemeji, hiyo ni bomu?" Nikakuambia ni boila ya gari ya moshi. Wengine wote walikuwa wanacheka. Wewe ulivua koti ukauliza, "Sasa moshi itatokea wapi?" Baba yenu alikuwa mtu wa gengi ya kutengeneza reli kule Kisumu, hayo mambo uliyasikia ukiwa bado unatambaa. Siku hiyo chai ilipoa kwa kikombe, na Atieno akatupatia jina: wazee wa mikebe.

Mimi nilikuwa mtu wa injini, wewe mtu wa njia. Magurudumu sita niliyamwaga kwa kuyeyusha sufuria kuukuu ya aluminiamu. Mota ilitoka kwa printa iliyokufa. Ribiti za boila, zile vichwa vidogo vya kuunga bati, nilizifinya moja moja na ncha ya msumari, bati ikiwa imelala juu ya kipande ya akala, hadi zikatokea upande ule mwingine kama vipele. Wewe ulitengeneza mabehewa, ya miwa, ya ng'ombe, na ile ndogo ya samaki uliyoiandikia "Omena tu, abiria hapana." Halafu ukatandika reli. Chuma zilikuwa vipande vya fremu ya dirisha, mataruma ya mbao ya chini ulipasua na kisu, na misumari ni ile midogo ya fundi wa viatu. Kabla ya kuzipiga ulikuwa unazichovya kwa oili chafu ili ziwe nyeusi, zifanane na za reli ya kweli. Mimi nilikuwa naona ni kupoteza wakati. Nani ataangalia kichwa ya msumari?

Reli ya zamani ya nchi yetu ni ile nyembamba, upana wa mita moja. Yetu ilikuwa hiyohiyo imepunguzwa, sentimita nne na nusu kutoka chuma hadi chuma. Nilikata kipimo ya mbao ya upana huo, nikaiweka kwa mfuko ya shati, nikawa natembea nayo kama askofu na msalaba wake.

Sijui kukushuku kwangu kulianza lini hasa. Labda ni ile siku mwenye hoteli wa Homa Bay alikuja kuona treni, akasema anataka moja ya kuzunguka ukumbi wake wa kula. Nilienda kuleta soda. Kurudi, mnaongea chini chini, na mkanyamaza. Nikakuuliza mnaongea nini, ukasema, "Mambo ya kona tu, shemeji." Mambo ya kona! Nikameza hiyo jibu lakini haikushuka. Kutoka hapo kila kitu yako nilikuwa naigeuza kuangalia chini yake. Ukipokea simu nje, naona unaniuza. Ukicheka, najiuliza unamcheka nani. Ukinyamaza, naona unapanga.

Mwalimu mkuu wa ile shule ya msingi alipotuita tuonyeshe watoto treni, ulitandika reli kwa meza ndefu ya ukumbi alasiri ya siku ya kutangulia. Ukaniomba nikuache peke yako kidogo. Nikatoka, lakini roho yangu ilibaki hapo mlangoni inachungulia.

Asubuhi nilifika kabla ya kila mtu. Nikatoa kipimo yangu. Kwa reli ya kunyooka, ilikaa sawa kabisa. Kufika kwa kona, ikacheza kama jino la mtoto. Nikapima tena, na tena. Nikaona matundu ya zamani ya misumari, na mengine mapya kando yake kidogo tu. Ulikuwa umeng'oa na kupanua.

Shemeji, sikungoja kukuuliza. Nilijiambia, huyu amelegeza njia ili injini yangu ianguke, halafu kazi ya hoteli ya Homa Bay ibaki yake. Kwa mkoba nilikuwa na nyundo na misumari mipya. Nikasukuma chuma ndani hadi kipimo ikashika, nikapiga misumari nane. Kujaribu, nilichukua behewa moja tu ya ng'ombe, nikaisukuma na kidole. Ilipita kona vizuri kama maji. Nikafurahi. Nikafunga mkoba.

Ukaja ukanisalimia, "Umeamkaje, shemeji?" Nilikujibu na mdomo tu.

Unajua vile ilienda. Kwa njia ya kunyooka watoto walipiga makofi hadi walimu wakasahau kukaa. Kufika kona, injini ikanguruma, ikajikaza, gurudumu la katikati likapanda juu ya chuma, na kazi yangu ya mwaka mzima ikalala kwa simiti. Mama mmoja wa jikoni akasema, "Yawa! Gari ya moshi imekunywa chang'aa!" Mwingine naye, "Mtafutieni dereva wa kanisa!" Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu mkuu akaniuliza nini imefanyika, na mimi nikakuonyesha na kidole.

"Muulizeni huyu. Reli ni yake. Amenilegezea kona makusudi ili aniaibishe."

Ndugu ya mke wangu, mbele ya watoto wa shule! Kwetu mtu hapandishii sauti watu wa nyumba aliyooa. Hata wale walikuwa wanacheka waliacha.

Wewe uliinama kwa kona. Katikati ya misumari zako nyeusi kulikuwa na nane zinang'aa. Ukagusa moja na kidole. Ukaniangalia, halafu ukaangalia mkoba wangu, na mpini ya nyundo ilikuwa imetokeza. Nilijua umejua. Neno moja tu lingetosha. Badala yake ulitafuta chimni ya injini iliyong'oka, chini ya viti, ukanipa na mikono miwili kama mtu anapea mkwe kitu, ukasema, "Shika, isipotee." Ukatoka.

Nimeeleza watu hiyo siku mara nyingi sana. Sokoni, kanisani, kwa matanga. Kila mara nilikuwa namaliza hivi: "Mtu safi angejitetea." Lakini sikuwahi kuambia mtu hata mmoja kwamba mimi ndio nilishika hiyo kona mwisho. Wakati huo sikujua misumari yangu ndio iliangusha treni, huo ndio ukweli. Lakini nilijua ziko, na nikazificha. Hiyo ndio dhambi yangu, si kipimo.

Ulienda Remba kutengeneza injini za maboti. Atieno aliniuliza swali moja tu, "Ndugu yangu alikuwa anakula kwa hii meza. Umemfukuza na nini?" Hajawahi kuuliza tena, na kiti yako haijawahi kuondolewa.

Halafu mwezi uliopita, yule mama anayeleta omena kutoka huko kwako aliniletea kifurushi kwa gazeti, inanuka ziwa. Ndani kulikuwa na kipande ya aluminiamu iliyokatwa pengo mbili, moja kila upande. Hakuna barua. Unajua niliwaza nini? Nikawaza ni dawa ya kuniroga umenitumia. Niliigeuza na kijiti kabla niishike na mkono. Nikamuuliza huyo mama wewe umesema nini.

"Amesema usipime haraka."

"Na nini ingine?"

"Baba, mimi nimebeba samaki, sikubeba hotuba."

Pengo moja ilikuwa sawa na kipimo yangu. Ya pili ilikuwa imezidi kidogo sana, unene wa ukucha, na kando yake ulikuwa umekwaruza mstari umepinda. Nilikaa nayo siku nne. Nitasema ukweli, niliipima mara nyingi nikitafuta mtego. Siku ya tano niling'oa misumari zangu kwa ile kona niliyorudisha nyumbani, nikaipanua kwa ile pengo ya pili, nikaibana tu bila kupiga misumari, nikaweka injini bila boila, nikaisukuma. Ikapita. Nikairudisha, ikapita tena. Behewa ni fupi, ina magurudumu manne, inapita mahali popote. Injini ni ndefu, ina sita, na kwa kona inahitaji nafasi ya kugeuka. Baba yenu alijua. Wewe ulijua. Mimi nilijua sentimita nne na nusu.

Nikampigia simu mwenye hoteli. Nikamuuliza, ile siku ya soda mlikuwa mnaongea nini? Akasema ulikuwa unamsihi atafute meza kubwa, kwa sababu kona ya ukumbi wake ni kali, na hutaki injini ya shemeji yako ipate aibu.

Nilikata simu nikaketi kwa stuli. Atieno akauliza kama naumwa. Nikamwambia kila kitu, kuanzia nyundo. Alienda akapangusa kiti yako.

Mwalimu mkuu, wewe pia unasoma hapa mlangoni. Na wewe mama wa jikoni. Oluoch hakuharibu chochote. Ni mimi.

Shemeji, sikuombi urudi kwa sababu ya hoteli. Injini nimeinyoosha, chimni imebaki imepinda kidogo na sitaigusa. Kile kipimo yangu ya mbao nilichemshia chai. Meza iko tayari, reli ya kunyooka nimeipiga na pengo yako ya kwanza. Kona sijaipiga. Misumari nane ziko kwa kifuniko ya mkebe, nimezichovya kwa oili chafu, zimekuwa nyeusi vizuri. Nyundo nimeiweka upande wako.

Ni mimi, mume wa dada yako, aliyepiga zile mpya.