Kilo Nne Zilizonitoka kwa Wiki Moja

Ijumaa. Jua limeamka na hasira, upepo unapeperusha vumbi la barabara mpaka kwa meno. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Situlii.

Lakini kwanza mjue ni nani anaandika. Kutoka hapa Mbumbuni mpaka ng'ambo ya mto Athi kule Kabati, Kitui, hakuna mwanaume ananishinda kubeba. Gunia la ndengu la kilo tisini naliweka begani kama mtu anajitupia shuka. Mwezi jana punda mmoja aliniona nikipita na mzigo akageuza uso kwa aibu. Lori likikwama kwa mchanga watu hawaulizi jeki iko wapi, wanauliza Mutinda yuko wapi. Shule niliachia kidato cha pili, sawa, lakini mabega yangu yana digrii.

Shida ilikuwa kitambi.

Kilikuja kama mgeni anayeaga na haendi. Leo kashati kamebana kidogo, kesho kifungo kimeruka. Kioko, mwenzangu wa kubeba kwa stoo ya nafaka ya Mama Syombua, akaanza midomo. "Ndovu, mgongoni gunia, mbele gunia. Kwani wewe ni punda wa kubebeshwa pande mbili?" Soko zima likacheka. Nikacheka pia, lakini usiniulize kama iliniuma.

Halafu magoti yakaanza kulia nikipanda ubao wa lori. Hiyo sasa haikuwa mchezo. Kuli bila magoti ni nini? Ni mtu mnene amesimama sokoni.

Nikaenda zahanati. Nikamwambia sista nimeamua kuacha kula mpaka Krismasi, niishi kwa maji na ndimu. Aliniangalia kama mtoto aliyekula sabuni. "Kijana, ukiacha kula, mwili utaanza kula hayo mabega kabla haujagusa hilo tumbo." Mabega yangu! Nilishikwa na baridi na jua lilikuwa kali vile vile.

Akanipangia. Soda iende. Mandazi yaende. Ugali ubaki, lakini mlima uwe kilima. Kila mlo uwe na ndengu, maharagwe au yai, maana hayo ndiyo yanajenga nyama. Nilale usingizi wa kutosha. Na kubeba nisiache, tena nibebe vizito, ili mwili ujue hizo nyama bado ziko kazini usizifukuze. Nusu kilo kwa wiki inatosha, akasema. Anayepunguza uzito mbio hupunguza na nguvu.

Mimi mtu wa mbio. Nusu kilo kwa wiki! Hata kuku anataga haraka kuliko hivyo. Lakini kwa sababu ya mabega, nikatii.

Hiyo ilikuwa wakati wa mvua za Novemba. Nikachukua kamba ya katani, nikajizungushia kitovuni, nikafunga fundo. Hiyo ndiyo ilikuwa shahidi wa kwanza. Wa pili ni mizani ya stoo, ile kubwa ya jukwaa, ya kupimia magunia. Kila Jumamosi asubuhi kabla ya Mama Syombua kufika nafungua stoo, navua viatu, napanda. Wa tatu ni mgongo wenyewe: magunia kumi kutoka lori mpaka ukuta wa nyuma, bila kupumzika. Yakiwa kumi, nguvu ipo. Yakiwa tisa, nimeharibu.

Nilianza kilo tisini na nne. Ikawa tisini na tatu na nusu. Ikawa tisini na tatu. Ikarudi tisini na nne kwa sababu ya mbuzi wa Krismasi, na sitaomba msamaha, yule mbuzi alikuwa mtamu. Tukaendelea. Katikati ya Januari nilikuwa tisini kamili, fundo la kamba limeingia vidole vitatu ndani, na magunia bado kumi. Magoti yalinyamaza. Nilianza kupita mbele ya vioo vya kinyozi nikijiangalia upande upande.

Ningeacha hadithi hapo ingekuwa nzuri. Ningekuwa naandika kitu kingine kabisa.

Ndengu zikaiva, watu wakaanza kutuletea mazao kuuza, na Mama Syombua akanipandisha cheo. "Mutinda, wewe una sauti. Utasoma mizani." Sikulala kwa furaha. Msomaji anasimama kando ya mizani, gunia likipanda anatangaza kilo kwa sauti ili mwenye mzigo asikie. Wazee wengi hawaoni sindano, wengine hawajui namba. Wanasikiliza msomaji tu. Mimi niliyetoka shule kidato cha pili, watu wazima wenye mvi wananiangalia mdomoni wakingoja nitaje. Nilikuwa navuta pumzi kabla ya kutaja, makusudi, waningoje kidogo.

Jumamosi iliyopita nikapanda mizani kama kawaida. Wiki iliyotangulia nilikuwa themanini na tisa. Sindano ikasimama themanini na tano.

Kilo nne. Wiki moja!

Nikashuka, nikapanda tena. Themanini na tano. Nikaruka nikagonga kichwa kwa boriti na sikusikia uchungu. Siku hiyo nilivua shati sokoni mchana kweupe. Nilimwambia kila mtu, hata waliokuwa wamepita njia tu. Muuza nyanya mmoja akaniambia nivae, naharibu biashara.

Kioko akanizunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe. "Ndovu, tumbo naliona. Liko pale pale. Kwani hizo kilo zimetoka wapi, masikio?"

Nikamwambia ana wivu. Lakini nyumbani nilitoa ile kamba. Fundo lilikuwa mahali lilikuwa wiki iliyopita. Hata kidole halikusonga. Unajua nilifanya nini? Niliilaumu kamba. Nikasema imekunywa jasho ikavutika. Ukitaka kuamini kitu utapata sababu, hata kama ni ya katani.

Jumatatu tukatumwa na lori kuchukua ndengu Kabati. Pale kwa stoo tuliyotumwa kulikuwa na mizani kama yetu. Nikaona nafasi ya kuwaonyesha watu wa Kitui mwili. Nikavua viatu, nikapanda na madoido.

Themanini na tisa.

Kioko alicheka mpaka akakaa chini. "Zimekufuata! Kilo zako zimevuka Athi zikakungoja huku!" Nikasema watu wa Kabati hawajui kutunza mizani, imekula kutu. Nikala chapati mbili kwa hasira, naungama. Zilikuwa chapati nzuri.

Jumatano ilikuwa siku ya soko. Susu alikuja.

Susu ni mama ya mama yangu. Anakaa peke yake upande wa Kalamba, na ndiye aliyenilea mpaka nikaingia shule. Shamba lake analipiga jembe mwenyewe. Alikuja na pikapu ya jirani, gunia lake moja la ndengu ameshonea mdomo kwa uzi mwekundu ili lisichanganywe na la mtu. Aliponiona nimesimama kando ya mizani alifurahi, akaambia mama mmoja kwa foleni, "Yule ni mjukuu wangu. Leo napimiwa na wa kwetu."

Sasa, Susu hapimi kwa kilo. Anapima kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta unaobeba kilo mbili hivi, kama wanawake wote wa kwetu. Kila gorogoro akimwaga anaweka kokoto kando. Mwishoni anahesabu kokoto. Tangu niko mtoto sijawahi kuona amekosea hata moja. Tulikuwa tunamwibia maembe, kokoto hatukuthubutu kugusa.

Gunia likapanda. Nikavuta pumzi. "Themanini na sita!"

Susu akasogea. "Mutinda, soma tena, mwana wakwa. Nimeweka gorogoro arobaini na tano. Nilihesabu kokoto mara mbili."

Arobaini na tano mara mbili ni tisini. Hiyo hata aliyetoka darasa la tatu anajua. Watu walikuwa wengi, jua limewaka, foleni imefika barabarani. Mama Syombua alikuwa ameinua kichwa ananitazama. Kila mtu alikuwa ananiangalia mdomoni.

Nikafanya vile huwa nafanya. Nikatoa mzaha.

"Susu, labda kokoto mbili zimezaa njiani! Ama ulihesabu ukisinzia?"

Watu walicheka sana. Kioko hakucheka, hilo niliona. Susu alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu ambaye hataki kuwaharibia wengine. Halafu akashika mkono wangu na vile vidole vyake vikavu, akasema polepole, "Nisamehe. Umri huu. Labda nimehesabu vibaya."

Akaniomba msamaha. Mbele ya watu.

Aliondoka na pesa za kilo themanini na sita na gunia tupu amelikunja chini ya kwapa. Niliita mzigo uliofuata kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Leo asubuhi mama amenipigia simu. Anasema Susu amemwambia anaona kichwa kinaanza kwenda. Jana alimwaga kokoto zake zote nje ya uzio. Amemwita mtoto wa jirani awe anamhesabia kuku jioni, maana yeye hajiamini tena. Mama akaniuliza, "Wewe ulikuwa naye Jumatano, uliona amebadilika?"

Nikasema sikuona kitu.

Tangu hiyo simu sijakaa mahali pamoja. Nimepiga pushapu hamsini. Nimebeba magunia kumi, yakawa kumi na mbili, nguvu ipo, haijapungua hata tone, na sikusikia raha yoyote. Nimejifunga ile kamba, nikaifungua. Kioko ameniuliza nina nini nikamwambia ni njaa. Akasema, "Njaa ya nini, na wewe ndiye unayetangaza kilo?" Akainua gunia lake akaondoka.

Najua nikisema, ile kazi ya kusoma mizani itatafutiwa sauti nyingine. Ufunguo wa stoo nitarudisha. Huenda hata kubeba nisibebe tena hapa. Na nikinyamaza, kuna mwanamke Kalamba anaogopa kichwa chake mwenyewe, kichwa ambacho hakina kosa lolote. Kichwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukutana navyo, kikiwemo hiki changu.

Nimeandika yote haya na bado nimezunguka. Mtu akisoma atadhani nilidanganywa na chuma cha mizani kama wengine, kwamba nilikuwa tu mjinga mwenye sifa nyingi. Ujinga ningeweza kuubeba. Nimebeba vizito zaidi.

Haikuwa hivyo. Jumanne, siku moja kabla Susu aje, Mama Syombua alienda kula mchana. Chapati za Kabati zilikuwa bado zinanisumbua, na zile kilo nne pia. Nikaenda duka la vifaa hapo jirani, nikaazima mfuko wa simiti ambao haujafunguliwa. Umeandikwa kilo hamsini. Simiti haipungui kitambi wala haili mbuzi wa Krismasi. Nikaulaza juu ya mizani. Sindano haikufika hata arobaini na nane.

Nikauinua, nikaurudisha dukani, nikanawa mikono.

Susu aliponiambia nisome tena, nilikuwa najua.