Shikamoo ya Mwanasha

Alhamisi

Kamari! Ati mimi, mshauri wa chuo, ninawafunza wanafunzi kamari, kwa kuwa tu mkuu wa wanafunzi ameona dadu mezani.

Ndiye huyohuyo anayelalamika kila siku kwamba Mwanasha hana adabu, haamkii wakubwa. Binti ana usonji. Nimemweleza mara ngapi? Katika mchezo wetu wa kuigiza hadithi Mwanasha ni bawabu. Dadu huamua nani anafika langoni, naye humwamkia. Muhula mzima amejizoeza hivyo.

Leo yule bwana alipoingia, Mwanasha alisimama mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikangojea marahaba. Yule bwana akazoa dadu zote, akazitia mfukoni, akatoka.

"Nimekosea wapi?" Mwanasha akaniuliza.

Nikajifanya napanga viti.