Kundi Gani

Majengo, Mpanda
6 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Goti lako je? Mwambie wifi Vestina asiache kliniki. Uzazi wa kwanza alitoka damu nyingi.

Nina ombi. Jumapili ya tarehe 19 timu yetu ya maabara itakuja Kasekese kukusanya damu kanisani kwenu. Akiba ya hospitali iko chini sana. Mchungaji amekubali na ataitangaza kama sadaka ya damu, ila amesema funguo anazo mzee wa kanisa, yaani wewe. Watakaochangia watapata soda na biskuti, na baadaye kadi yenye jina na kundi.

Binti yako,
Jeannine


Kasekese
10 Mei 2024

Mwanangu Jeannine,

Salamu katika Bwana. Goti linauma kama kawaida. Vestina anabishana na mimi kila siku, kwa hiyo ni mzima.

Sadaka ya damu? Nani kamruhusu mchungaji kufungua tena kazi aliyoifunga Kristo? Soma Waebrania sura ya kumi: mara moja tu. Anayekuja madhabahuni kuomba damu baada ya Kalvari, mimi namuuliza katumwa na nani. Na hiyo damu inakwenda wapi? Mbona wakubwa wa mjini hawaanzi wao kutobolewa mikono? Soda nayo ya nini, kama jambo ni safi?

Hayo ningeweza kuyajadili. Kilichonishtua ni neno lako moja: kundi. Mwaka 1972 nilikuwa na miaka minane. Tulipokuwa tunakimbia Burundi, askari walimsimamisha baba yangu darajani wakamuuliza: wewe kundi gani? Alijibu. Mimi na mama tulivuka, yeye hakuvuka. Leo mimi ni Mtanzania, cheti ninacho, na mtoto niliyemzaa anakuja na orodha ya majina na makundi. Funguo zitakaa mfukoni kwangu.

Baba yako,
Sixte


Majengo
20 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Goti naona limepona, maana jana lilikufikisha shambani. Tulikuta kufuli mlangoni, na jirani akatuambia mzee amehamishia ibada kwenye mahindi yake. Tumerudi na maboksi matupu.

Kundi nililoandika ni kundi la damu. Yako manne: A, B, AB na O. Mimi na kaka Dieudonne tumetoka tumbo moja na makundi yetu ni tofauti. Humo hamna kabila. Nimelizoea neno hilo kazini hadi nikasahau kwamba nyumbani kwetu halitajwi. Hapo nimekosa. Lakini ungeniuliza kabla ya kufunga.

Binti yako,
Jeannine


Mpanda, hospitalini
11 Juni 2024

Mwanangu Jeannine,

Salamu. Sikukujibu kwa sababu nilidhani wamekufundisha cha kusema. Barua hii namwachia mlinzi wa geti lenu, maana wanasema uko Mpimbwe na timu na simu haipatikani.

Vestina amejifungua msichana. Damu haikukata. Tulifika hapa amelegea, mumewe Dieudonne kambeba. Kijana wa maabara akaja kwangu: "Mzee, mgonjwa wako kundi gani?"

Mwanangu, nikamwuliza anataka kujua kwa nini.

"Nisije nikampa damu itakayomwua."

Nilikaa chini. Miaka hamsini na mbili neno hilo nalijua kwa kazi moja tu.

Zilikuwepo chupa mbili zinazomfaa, akapewa zote. Niliuliza ni za nani. Hawaandiki jina, ni namba tu. Kijana akaninung'unikia kwamba zingekuwa nyingi, ila mzee mmoja mbishi huko Kasekese aliwafungia kanisa. Sikumwambia anaongea na nani. Nimehubiri miaka thelathini damu iliyomwagika kwa ajili ya wengi, na kumbe wengi wangu walikuwa wale wa benchi zangu.

Vestina amefungua macho asubuhi. Ameniuliza kwa nini nina pamba mkononi. Ndiyo, nimetoa. Niliikagua sindano, nikaikagua chupa, nikamuuliza kijana maswali mpaka akachoka. Soda sikunywa.

Funguo zimo kwenye bahasha hii. Chagueni Jumapili. Neno sadaka silitaki, Kristo alishamaliza. Mchungaji aseme shukrani. Nami nitakaa karibu na maboksi yenu kuangalia, maana bado siwaamini sana. Kadi yangu ikitoka uje nayo, uisome kwa sauti mbele ya waumini wote: jina langu kwanza, halafu kundi.

Baba yako,
Sixte